Ameona, Hajajibu

Palikuwa na nchi, na asiyetaka kuamini asiamini, mradi asitazame sana hicho alichoshika mkononi. Jina la nchi hiyo halitajwi. Si kwa kuogopa mtu. Ni kwamba jina la zamani Serikali ilikwisha lifuta, na hilo jipya wananchi walitumiwa kwenye simu zao walithibitishe, na mpaka leo kila mmoja anangoja aone mwenzake atabonyeza nini.

Ilikuwa nchi tulivu mno. Njiani usingesikia salamu wala ugomvi. Watu walipita wameinamisha vichwa kama waliofiwa, kidole gumba kikienda juu chini, juu chini, na mtu akimwona mwenzake anakuja kwa mbele alizidi kuinama mpaka wapishane. Waliopata tabu ni masikini wasio na simu. Hao iliwalazimu kusema "habari za asubuhi," kisha wangoje waambiwe nini, na kungoja huko kuliwatoa jasho. Serikali ikawaonea huruma. Ikawagawia simu za mbao, za mti wa mkorosho, zimepigwa msasa vizuri, wawe na cha kutazama wakikutana na watu. Mheshimiwa aliyezizindua alisema, "Katika nchi yetu hakuna mwananchi atakayeachwa nyuma atazamwe usoni!" Umati ukapiga makofi kwa kubonyeza.

Lakini sifa kubwa ya nchi ile ni Sheria ya Hodi.

Zamani, kama kwingine kote, mtu akifika mlangoni kwa mtu alipaza sauti, "Hodi!" akangoja. Hapo baina ya hodi na karibu pana nafasi ndogo, nyembamba kama uzi, ambayo mtu hajui atakaribishwa, au ataambiwa wenyewe hawapo na anayemwambia ndiye mwenyewe, au atakuta watu wanakula wakaanza kusogeza sahani. Wazee waliivuka nafasi ile kila siku na hawakujua kuwa ipo. Basi siku moja mama mkwe wa Mheshimiwa Mbaruku alipiga hodi, mlango u wazi, akachungulia, akamkuta mkwewe na kikoi kimetatuka, anakula kiporo cha muhogo kwenye chungu, kwa vidole. Bibi akasema, "Astaghfirullah," akageuka akaenda zake. Hakusema zaidi. Hilo ndilo lililommaliza Mbaruku: hakusema zaidi. Wiki nzima hakupata usingizi akijiuliza mkwewe ameona nini na hakuona nini. Wiki ya pili ikaundwa Wizara ya Yakini, yeye akiwa Waziri wake, na sheria ya kwanza ikapiga marufuku hodi ya mdomo.

Tangu hapo mtu akifika mlangoni alituma hodi kwa simu. Akaona tiki moja, maana yake imekwenda. Tiki mbili, imefika. Tiki mbili za buluu, imeonwa. Kisha asome "Karibu," ndipo ashike kitasa. Na kwa kuwa sheria ni msumeno, ilikata mpaka wenye nyumba: mume akirudi kwake alimtumia hodi mkewe, na anayekaa peke yake alijitumia mwenyewe, akajikaribisha, akajishukuru.

Aliyeitunga hodi hiyo ya simu ni Bwana Ngwali Makame, Mkuu wa Idara ya Hodi na Makaribisho, mtu wa makamo, mwembamba, mpole, viganja vyake vimelowa wakati wote. Tangu utotoni Ngwali aliwaogopa watu. Si kwa ubaya wao. Ila hakujua watasema nini. Akitumwa sukari alirudia maneno njia nzima, "Nipe sukari robo, nipe sukari robo," na akifika akamkuta muuzaji siye yule wa jana, alirudi nyumbani bila sukari. Simu zilipokuja alishukuru kama mtu aliyefunguliwa pingu. Kwenye simu unaandika, unafuta, unaandika tena, na hakuna akuonaye ukimeza mate. Nchi nyingine wangeuita huo ugonjwa wakamsomea dua. Kule waliuita sera, wakamvika nishani.

Lilikuwapo jambo moja tu ambalo nishani haikulifunika.

Ngwali alikuwa na dada, Bi Mize, mkubwa wake, ndiye aliyemlea mama yao alipokufa, na ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazee, mtaa wa pili. Miaka mitatu nyuma Bi Mize alifiwa na mumewe, Bwana Sefu. Ngwali aliposikia alioga, akavaa kanzu, akasimama mbele ya kioo akajifunza: "Poleni kwa msiba. Mungu awape subira." Halafu akajiuliza, nikisha sema hayo, niseme nini tena? Nikae wapi? Nilie au nisilie? Nikilia nikashindwa kunyamaza? Akafika mpaka pembeni mwa mtaa. Akaona mikeka imejaa watu, kutoka barazani mpaka njiani, na wote, ndivyo alivyoona yeye, wamegeuka kumtazama. Akatoa simu. Akachagua picha ya viganja viwili vilivyounganishwa na ua jeupe, akamtumia dada yake aliyekuwa nyuma ya ukuta wa nyumba, akarudi kwake, kanzu imemganda mgongoni.

Bi Mize alijibu neno moja: "Ahsante."

Neno hilo Ngwali alilisoma miaka mitatu, asijue ni ahsante ya shukrani au ni ile nyingine. Asipojua hakwenda. Na kila siku asiyokwenda ilizidi kumfungia njia, maana sasa ilimpasa aeleze kwa nini hakwenda na jana.

*

Sasa ikawa Jumatatu asubuhi, mkewe, Raya, anammiminia chai.

"Baba Nasra, wifi anakwenda hija."

Ngwali hakuinua kichwa kwenye simu. "Nani kasema?"

"Mtaa mzima. Ijumaa, ikisha sala. Jana nilikwenda tukatakana radhi, tukalia, tukacheka, tukala visheti. Kila mtu kenda. Hata yule jirani waliyegombania naye ukuta wa uani kenda. Umebaki wewe."

"Ulituma hodi?"

"Nilituma. Kwa miguu."

"Usiseme hayo mbele yangu, Mama Nasra. Mimi ni Serikali."

"Basi kunywa chai, Serikali, inapoa." Raya akakaa, akateremsha sauti. "Wifi moyo wake unamsumbua, unajua. Ngazi tatu tu anapumzika. Na dua yake mwenyewe ni afie huko azikwe huko. Mtu kama yule si wa kuambiwa 'tutaonana.' Nenda ukamtake radhi kabla hajaondoka. Akiondoka na kinyongo juu yako, utakwenda kukiondolea wapi?"

Ngwali akaingia chooni na simu yake, maana huko ndiko alikoandikia mambo mazito. Akaandika ujumbe mrefu kama hotuba ya bajeti. Akaufuta. Akaandika mfupi, akauona mkavu. Akaweka ua. Akaliondoa ua, akikumbuka lile la zamani. Mwisho ukabaki hivi: "Assalaam alaykum dada. Nimesikia habari za safari. Naomba radhi. Je, nije kukuaga?"

Akatuma. Tiki moja. Tiki mbili. Buluu.

Ameona.

Na hapo hapo, chini ya jina la dada yake, yakatokea maandishi madogo: "anaandika..." Moyo ukamrukaruka Ngwali kama samaki kwenye ndoo. Anaandika. Anaandika. Kisha yale maandishi yakatoweka. Akangoja. Chai mezani ikaota utando. Hayakurudi.

Siku ile Ngwali hakuwa mtu. Alitazama simu akifunga vifungo, akavifunga upande. Aliitazama akivuka mtaro, akaingia mtaroni. Aliizima na kuiwasha, akidhani jibu limekwama ndani. Aliitingisha. Adhuhuri alipokwenda kusali aliiweka juu ya msala, mbele yake, ili kila akisujudu aione. Na siku ile alisujudu sana, sijda ndefu ndefu, hata watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Mungu ndiye ajuaye alikuwa akimsujudia nani.

"Kajibu?" Raya alimuuliza jioni.

"Bado."

"Si ungekwenda tu."

"Niende bila kujua? Nikifika akinifukuza?"

"Atakuwa kakufukuza, utarudi. Njia ni ile ile."

"Na asiponifukuza?"

"Ndiyo hilo unaloliogopa zaidi," Raya akasema, akaenda kuchambua mchele.

*

Jumanne Ngwali akalipeleka jambo lake kwa Waziri. Mheshimiwa Mbaruku alilipokea kwa furaha ya mganga aliyeletewa ugonjwa mpya. Akaiitisha Tume ya Anaandika, chombo kikubwa kabisa cha Wizara, wajumbe wote chumba kimoja, meza moja, kila mmoja ameinamia simu yake, maana majadiliano ya mdomo yalikwisha katazwa kwa kuhatarisha maoni. Kilichosikika ni kriki kriki za vidole, kama panya darini.

Mjumbe mmoja mgeni, aliyeteuliwa wiki ile, aliandika hivi: "Kwani asimpigie akazungumza naye?"

Vidole vyote vikasimama.

"Ampigie?" akaandika Waziri. "Kwa sauti? Ajibiwe papo kwa papo, bila kujiandaa? Mjumbe, hapa pana watu wazima na heshima zao." Mjumbe yule akaomba msamaha kwa picha ya uso unaolia, akapelekwa mafunzo.

Kisha akasimama Daktari Shekue, mtaalamu wa nukta tatu, aliyesomea elimu hiyo ng'ambo mpaka mvi zikamtoka. Akatuma taarifa yake. "Waheshimiwa. Mhusika alianza kuandika. Baadaye aliacha kuandika. Baina ya kuanza na kuacha kuna jambo alitaka kuliandika. Jambo hilo hakuliandika. Uchunguzi wetu umethibitisha kwamba, kwa kuwa hakuliandika, halikusomeka. Tunapendekeza iundwe tume."

"Hii ndiyo tume," akaandika Waziri.

"Basi imeshaundwa," akaandika Daktari, na wote wakaona kazi imekwenda mbele.

Wakakubaliana Serikali yenyewe imwandikie Bi Mize. Akatumiwa ujumbe wenye nembo: "Mpendwa mwananchi. Imebainika umeona na hujajibu. Tafadhali chagua: moja, nimekasirika, mbili, sijakasirika, tatu, ningali nafikiri." Tiki moja. Tiki mbili. Buluu. Wajumbe wakashika pumzi.

Bi Mize hakuchagua moja wala mbili wala tatu. Jasusi aliyepelekwa kupita mbele ya nyumba yake, akijidai anatazama simu ya mbao, alirudi na habari kwamba mwanamke huyo aliisoma simu, akaiweka juu ya kinu, akaendelea kuanua nguo.

"Akaendelea?" akauliza Waziri, na safari hii aliuliza kwa mdomo, kwa mshituko.

"Akaendelea, Mheshimiwa. Na alikuwa akiimba kaswida."

Siri haikai kwa watu wenye vidole. Jumatano habari zilikwisha enea nchi nzima: kuna mwanamke anaona na hajibu, na hapungukiwi na kitu. Basi watu wakaingiwa na kiwewe. Kila mtu akafungua simu yake, akatafuta ni nani naye aliona ujumbe wake asimjibu. Wakafukua mambo ya mwaka juzi. Mke akamwandikia mume aliyekaa naye kitanda kimoja: "Siku ile nilikuandikia 'sawa,' ukanyamaza, ulikuwa na maana gani?" Maharusi wakavunja harusi. Ndugu wakatupana. Mchinjaji mmoja alikataa kumuuzia jirani yake nyama kwa sababu ya kidole gumba alichotumiwa sikukuu iliyopita, kidole kitupu, bila neno.

Alhamisi Mtukufu Mkuu wa Nchi alilihutubia taifa, kwa maandishi. "Ndugu wananchi," aliandika, "napenda kuwatoa wasiwasi. Serikali yenu haijui. Lakini Serikali yenu inajua kwamba haijui, na jambo hilo tumelithibitisha. Endeleeni kutazama."

Wakaendelea. Wakatazama mpaka macho yakawawasha. Kila mmoja akamwuliza kila mmoja, "Umeniona? Mbona kimya? Nimekukosea nini?" na kila aliyeulizwa akauliza naye kwa nini anaulizwa. Ijumaa asubuhi mitambo ya nchi ile ikazidiwa. Mnara wa kwanza ulikufa, wa pili ukaufuata, na kwenye kila simu pakabaki kiduara kidogo kinazunguka, kinazunguka, hakisemi kitu.

*

Ngwali alikuwa amefika lango la Wizara. Alimkuta Waziri nje ya ofisi yake mwenyewe, ametoa simu, jasho limemlowesha kola, hodi imekataa kwenda.

"Ngwali! Usiguse kitasa!"

"Sigusi, Mheshimiwa."

"Simama hapo hapo ulipo. Kila mwananchi asimame alipo mpaka uje uthibitisho."

Ngwali akasimama. Akakitazama kiduara. Mbali kidogo msikitini walianza kusoma Kurani, kisomo cha Ijumaa kabla ya adhana, na sauti ile ikamwingia mwilini kama maji baridi. Ikisha sala, ndivyo alivyosema Raya.

"Mheshimiwa, dada yangu anaondoka leo."

"Mawasiliano yatarudi. Subiri."

"Na yasiporudi kabla hajaondoka?"

Waziri akaanza kuandika jibu, akakumbuka mitambo imekufa. Ilikuwa miaka mingi hajaulizwa swali na mtu anayemwona.

"Unakwenda wapi?" akapiga kelele, maana Ngwali alikwisha geuka.

"Kwa dada yangu."

"Umethibitishiwa nini?"

"Sijathibitishiwa kitu," Ngwali akasema, akaenda.

Ah, lau ungeiona nchi ile saa hiyo! Mtaa mzima watu wamesimama nje ya milango yao. Mtu na samaki wake mkononi, anadondosha maji, mkewe yuko dirishani, wote wawili wanatazama pembeni wasikutane macho, wanangoja hodi ifike. Daktari Shekue alikuwa nje ya nyumba yake akijitumia hodi mwenyewe, akijilaumu kwa kutojijibu. Waliotulia ni wale masikini wa simu za mbao tu. Simu zao zilikuwa vile vile kama jana.

Ngwali alipita kati yao wote, na safari hii kweli walimtazama, maana hawakuwa na pengine pa kutazama. Akahisi macho yao mgongoni kama makaa. Mkono ukaenda mfukoni. Kiduara. Ukarudi. Ukaenda tena. Akafika pembeni mwa mtaa, pale pale alipogeuka siku ile ya mikeka, na miguu ikasimama yenyewe kama punda aliyefika mpaka wa shamba.

Mlango wa nyumba ya wazee ulikuwa wazi.

Hakuwa na ujumbe wa kutuma. Hakuwa na ua wala viganja. Alikuwa na mdomo tu, mkavu. Akasogea hadi kizingitini.

"Hodi."

Ilitoka nyembamba kama ya mwanambuzi. Kuku aliyekuwa ukumbini alimtazama, akaendelea kudonoa.

Sasa hodi ina ada yake, na Ngwali, kwa cheo chake, aliijua kuliko watu wote: hupigwa mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu huondoka, wala hapaswi kununa.

"Hodi!"

Hii ilikuwa na sauti kidogo. Kuku akakimbia. Ukumbini aliona mkoba mkubwa umefungwa kamba, na juu yake nguo nyeupe imekunjwa. Hakuna aliyejibu.

Imebaki moja. Ngwali akaishikilia ile moja kooni. Maadamu hajaipiga, hajakataliwa. Angeweza kusimama pale na hodi yake ya tatu mpaka Kiyama, salama, kama alivyosimama miaka mitatu. Mkono ukaenda tena mfukoni, akakiona kile kiduara kinazunguka pale pale, hakiendi, hakirudi, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi kinavyofanana naye.

"Hodi, dada!"

Ikapiga ukutani, ikazunguka uani, ikanyamaza. Ameona, hajajibu. Ngwali akageuza mguu mmoja kuondoka, kwa mujibu wa ada.

"Nani huyo anayepiga hodi kwao?"

Bi Mize alitoka uani polepole, maji ya udhu yanamchuruzika mikononi. Alikuwa akitawadha, ndiyo maana hakujibu. Akasimama, mkono ukutani, avute pumzi.

"Ngwali."

"Ni mimi."

"Nakuona. Mbona umesimama juani kama anayedai?"

"Nangoja karibu."

"Karibu!" Bi Mize akacheka kwa pua. "Kitovu chako kimezikwa hapo uani, nikukaribishe mimi nani? Vua viatu uingie, nimetoka kupiga deki."

Akaingia. Akakaa kwenye ncha ya kiti kama mgonjwa anayengoja zamu. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikwisha mwagika. Yakamtoka yale asiyoyapanga.

"Dada, nilikuandikia. Uliona."

"Niliona."

"Hukujibu."

"Nijibu nini? Mtu mzima ananiuliza aje kwao au asije! Tangu Jumatatu mlango nimeuacha wazi. Wameingia mbuzi wa watu wamekula ukili wangu wote wa kusukia mikeka, wameingia watoto wameiba embe, amepita na mwendawazimu mmoja na simu ya mbao. Wewe tu hukuingia."

"Lakini ulianza kuandika." Ngwali akainuka nusu. "Nilikuona unaandika. Kisha ukaacha. Ulikuwa unaandika nini, dada?"

Nchi nzima ilikuwa imesimama nje ya milango kwa sababu ya swali lile. Bi Mize akatazama pembeni. Aliona haya.

"Niliandika, 'We punguani.' Halafu nikakumbuka nakwenda kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu. Nikafuta."

Ngwali alicheka. Alicheka kicheko kibaya, cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheka, kikakwaruza kama mlango wenye kutu, na kilipokwisha akajikuta analia. Hakufunika uso. Simu ilikuwa mfukoni, na mikono haikujua kazi nyingine.

"Siku ile ya Bwana Sefu," akasema, "nilikuja, dada. Nilifika hapo pembeni. Sikujua la kusema."

"Na nani alijua?" Bi Mize akakaa kando yake. "Umati wote ule, hakuna aliyesema la maana. Mmoja alizungumza bei ya saruji toka alasiri mpaka magharibi. Lakini alikaa, Ngwali. Msibani watu huja kukaa. Mimi nilikuwekea nafasi kwenye mkeka, pale karibu na mlango, upate pa kutokea ukiona watu wamekuzidi. Nakujua tangu hujaota meno. Watu wakitaka kukaa hapo nawaambia, pana mtu. Pakawa pana mtu mpaka siku ya hitima, tulipoukunja mkeka."

Ngwali akaitazama ile sehemu ya sakafu karibu na mlango.

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Nawe nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Lile punguani. Kwenye simu nililifuta Jumatatu. Moyoni limekaa mpaka sasa hivi."

Msikitini kukaadhiniwa, na kule mitaani kila mmoja akatazama simu yake kuhakikisha kama kumeadhiniwa kweli. Ngwali hakutazama. Alikwenda akasali, akarudi. Gari iliyokuja kumchukua Bi Mize ilisimama barabara kubwa, maana uchochoro ni mwembamba, nao mkoba ulikuwa mzito. Wakasimama tena kizingitini, yeye na dada yake.

"Utarudi, dada?"

"Ajuaye ni Mungu."

Ilikuwa ile nafasi tena, nyembamba kama uzi. Ngwali alingoja hofu ije, ikaja, ikakaa kando yake kama jirani. Haikumzuia kuinama, akautwaa mkoba, akaubeba kichwani kama alivyokuwa akibeba kuni za dada yake utotoni, mikono yote miwili juu.

Hapo ndipo minara ilipofufuka. Mfukoni simu ikatikisika. Ngwali aliuteremsha mkono mmoja, akasoma. Alikuwa Waziri: "Uko wapi? Dada amejibu? Tume inangoja. Thibitisha."

Akausoma wote. Tiki zikageuka buluu. Akairudisha simu mfukoni, wazi vile vile, akashika mkoba, akatoka jua kali, dada yake akimfuata taratibu nyuma na kumwambia aangalie mtaro.

Na kule Wizarani Waziri Mbaruku akaruka kitini. "Anaandika!" akapiga kelele. Wajumbe wakakimbilia, wakaikodolea macho simu. Anaandika... Ameacha. Anaandika... Ameacha. Anaandika... Daktari Shekue akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akasema ujumbe wa namna hii hajapata kuuona, una mwendo, una pumzi, bila shaka ni mzito kuliko yote. Tume ikaapa haitoki chumbani mpaka uishe kuandikwa, na mpaka leo, wasemao husema, ingali imekaa.

Ngwali hakuwa akiandika kitu. Simu ilikuwa inajigonga na kujibonyeza pajani. Alikuwa anatembea.